Koti la mvua la mtumba na jipya la dukani: lipi linafaa kwa Dar?

Jamani masika haya nimevaa makoti mawili kwa zamu, moja la mtumba nimelitoa Karume pale Ilala, jingine jipya kabisa kutoka duka moja Kariakoo ambalo silitaji, na kwa wenye haraka jibu ni hili: kwenye mvua la mtumba limeshinda mbali, ila kwa kupendeza na kuvalika siku nzima la dukani lipo juu.

La dukani kwanza. Polista nyepesi, kijani cha jeshi, ukilipiga na jinzi na raba hakuna atakayejua ni koti la mvua, unaingia nalo ofisini na hata ukweni. Muuzaji anakuapia ni wotapruf. Na kweli manyunyu ya asubuhi yanakaa vitone vitone juu ya kitambaa, unakung'uta mkono yanadondoka yote. Sasa panda nalo boda kutoka Mwenge mpaka Posta mvua inakuchapa usoni, mabega ndo yanaanza kulowa, halafu kola, halafu unasikia kamchirizi kanashuka mgongoni taratiiibu. Nikaligeuza ndani nione shida iko wapi: mishono yote iko wazi, matundu ya sindano unayaona, hakuna ule mkanda mwembamba wa kuziba. Hata kitambaa kingekuwa bati maji yangepita tu pale. Kilichopo ni dawa ya kufukuza maji iliyopakwa juu ya kitambaa, basi, na dawa hiyo inachakaa kwa jasho, uchafu na mkanda wa begi unaosugua bega lilelile kila siku, ndo maana mabega yanaanza kusalimu amri kabla ya kwingine.

Dawa hiyo mara nyingi inaamka ikipata joto. Fua kwa sabuni kidogo, suuza mpaka povu liishe kabisa, likikauka pitisha pasi ya moto mdogo huku umeweka kitambaa juu, ila soma lebo kwanza maana mengine hayataki pasi. Langu lilirudi vizuri tu. Zile sabuni za kulainisha nguo usiziguse, zinaua kazi yote.

La mtumba ni Gore-Tex, 35,000 baada ya kuvutana bei sana. Hili halitegemei dawa ya juu peke yake, katikati ya vitambaa kuna utando wenye vitundu vidogo mno, tone la maji halipiti ila mvuke wa jasho unapita. Utando wenyewe ulianzia 1969 huko Marekani, Bob Gore alipokamata kipande cha PTFE cha moto, ile plastiki ya kwenye kikaango kisichoshika, akakivuta kwa nguvu ghafla kikatanuka badala ya kukatika. Mishono ya koti langu imezibwa kwa mkanda kila mahali. Mvua ya Posta nimeshuka nayo shati kavu, suruali ndo usiniulize.

Ila joto sasa! Mvuke unatoka vizuri kama nje kuna baridi na ukavu kuliko ndani ya koti, na Dar hewa yenyewe ishajaa unyevu, kwa hiyo jasho linabaki humohumo na ukifika unalivua fasta kabla hujasalimia mtu. Mtu wa Njombe au Mbeya atalifurahia kuliko mimi. Pia linachakarisha kama mfuko wa nailoni kila ukigeuka, kwa fasheni hapana.

Mkienda mitumbani msidanganywe na lebo. Geuza ndani, sugua kwa kidole gumba: kama inanata, inabanduka magamba au ina harufu ya uchachu, achana nalo hata kwa buku tano, ile plastiki ya ndani imeshaoza na hairudi. Kagua mkanda wa mishono kwenye kwapa na kofia, huko ndo unaanza kubanduka. Ukikuta lebo imeandikwa 10,000 mm, hicho ni kipimo cha mgandamizo wa maji kitambaa kinachohimili kabla ya kuvuja, kwa boda inatosha kabisa.

La mtumba nalipa nyota 4, moja nimeikata kwa joto na kelele. La dukani nyota 2 na nusu, maana 60,000 kwa koti la manyunyu ni kuonewa, lingekuwa 25,000 ningechukua na la pili rangi nyeusi.