Cesca mezani kwangu: nilichokiona kwa kuvikalia viti vya Thonet na vya kuiga

Kiti cha Cesca kinakalika, tena kwa muda mrefu. Naanza na hilo kwa sababu kwa macho huwezi kuamini: bomba la chuma lenye kromu lililopindwa, kikalio na egemeo vya henzirani iliyosukwa ndani ya fremu za mbao, na nyuma hakuna miguu. Wageni wangu karibu wote hukaa tako moja kwanza, wakisubiri kuanguka. Hawaanguki. Bomba linanesa kidogo, egemeo linarudi nyuma pamoja na mgongo, henzirani inapitisha hewa, na watu wanakula na kupiga soga hadi usiku bila mtu kulalamikia kiuno.

Naishi Ujerumani, na mezani ninavyo vinne. Viwili ni vya kampuni ya Thonet, viwili ni vya kuiga visivyo na jina la kiwanda. Vyote nilivinunua vikiwa vimeshatumika, kwa hiyo sitazungumzia udhamini wala huduma ya dukani.

Kitakachomchanganya mnunuzi mapema ni majina. Kiti hicho hicho utakikuta kikiitwa B32, S 32 na Cesca, na kila jina lina bei yake. Aliyekibuni ni Marcel Breuer, Mhungaria aliyezaliwa Pécs mwaka 1902, akasoma Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, kisha akapewa kusimamia karakana ya useremala shule hiyo ilipohamia Dessau. Alianza kushughulika na mabomba ya chuma mwaka 1925, na inasimuliwa kwamba wazo lilimjia kwa kutazama usukani wa baiskeli yake ya Adler. Mwaka 1928 akatoa B32 isiyo na mikono na B64 yenye mikono. Waliovitengeneza ni Thonet, kampuni iliyokuwa imejijengea jina tangu karne ya 19 kwa viti vya mikahawa vya mbao iliyopindwa, vingi vikiwa na vikalio vya henzirani. Hapo ndipo ninapoona akili ya Breuer. Hakukitupa kitu cha zamani. Alikitia ndani ya kipya. Kile kiti chake kingine maarufu cha mabomba na mikanda, Wassily, hunikumbusha chumba cha daktari. Hiki kinakaa vizuri hata pembeni ya kabati la bibi.

Ila wazo la kiti kisicho na miguu ya nyuma halikuwa lake peke yake. Msanifu Mholanzi Mart Stam alikuwa ameunga cha kwanza mwaka 1926 kwa mabomba ya gesi, na mwaka uliofuata, kwenye maonyesho ya nyumba za Weissenhof huko Stuttgart, yeye na msanifu Mjerumani Mies van der Rohe kila mmoja alionyesha cha kwake. Cha Stam kilikuwa kigumu. Waliokiacha chuma kicheze ni Mies na Breuer. Ugomvi wa nani mwenye umbo hilo ukafika mahakama ya juu kabisa ya Ujerumani, na mwaka 1932 haki ya kisanii ya umbo lile la miguu iliyonyooka akapewa Stam. Ndiyo maana hadi leo Thonet humwandika Breuer kuwa mbunifu na Stam kuwa mwenye haki ya kisanii, kwenye kiti kimoja. Mimi nadhani majaji walitazama michoro tu, hawakukaa.

Jina la Cesca limekuja baadaye sana. Miaka ya 1960 Mwitaliano Dino Gavina alianza kukitengeneza upya akakiita kwa jina la Francesca, binti wa kulea wa Breuer. Huyo huyo ndiye aliyekibandika kile kingine jina la Wassily, kwa heshima ya mchoraji Kandinsky. Mwaka 1968 Knoll ya Marekani ikainunua kampuni ya Gavina, na majina yakaenda nayo. Basi ukiona Cesca ya Knoll na S 32 ya Thonet, jua ni ndugu waliolelewa nyumba mbili.

Halafu kuna vya kuiga, ambavyo vimejaa kila mahali. Muuzaji wa vyangu alivitangaza mtandaoni kuwa ni "orijino za Bauhaus". Nilipofika nilivigeuza juu chini mbele yake: hakuna lebo, hakuna muhuri, na kwenye bomba la chini palikuwa na kiungo kilichochomelewa kisha kikasuguliwa harakaharaka. Bei ikashuka pale pale. Tofauti naisikia kila siku. Cha Thonet ukikaa kinashuka kidogo kisha kinatulia. Cha kuiga kinaendelea kutikisika kila unapokata nyama. Kwa mgeni wa jioni moja si neno, lakini mimi sikalii hicho nikiwa na kazi ya kuandika. Kwa wanaotafuta cha Knoll, vile vya karibuni vimegongwa nembo na sahihi ya Breuer kwenye bomba lenyewe.

Chenye mikono nimekikalia kwa rafiki, na kwa meza ya chakula sikipendekezi. Mikono inagonga ukingo wa meza, kiti hakiingii chini, na watu wanapita wakikipiga teke. Kwenye meza ya kazi iliyo juu zaidi kinafaa. Thonet wana pia chenye mto wa kukalia, na kingine chenye wavu wa plastiki badala ya henzirani. Cha mto ni kitamu wakati wa baridi, lakini kinazibika; raha ya kiti hiki ni kuona sakafu kupitia kikalio.

Henzirani ndiyo sehemu inayochakaa. Ni ganda la mmea utambaao wa jamii ya michikichi kutoka misitu ya Asia, na adui zake ni wawili: hita ya majira ya baridi inayoikausha mpaka ipasuke, na goti la mtoto. Kukaa hakuitoboi, kupiga magoti kunaitoboa. Mimi hupitisha kitambaa chenye unyevu upande wa chini mara kwa mara.

Kabla ya kununua, tazama ukingo wa kikalio. Ukiona matundu yamezunguka fremu, kimesukwa kwa mkono na kukitengeneza ni kazi ya fundi, tena ghali. Ukiona mfereji wenye ukanda uliogongomewa, unaweza mwenyewe. Changu kimoja cha Thonet nilikirekebisha jikoni. Unang'oa ukanda wa zamani na kuusafisha mfereji kwa patasi nyembamba, unaloweka shuka jipya la henzirani iliyokwisha kusukwa kwenye maji ya vuguvugu mpaka lilainike, unalitandaza na kulisukumia mferejini kwa vipande vya mbao. Kisha gundi ya mbao, ukanda mpya juu yake, nyundo ya mbao, na kisu cha kukata ziada. Likitoka majini linalegea hadi unakata tamaa. Likikauka linajikaza lenyewe, na asubuhi ukiligonga kwa kidole linalia kama ngoma.

Kipya cha dukani sinunui kwa bei wanazotaja. Nikihitaji cha tano nitatafuta cha Thonet kilichotoboka. Wauzaji wakiona shimo hushusha bei kana kwamba kiti kimekufa, na bomba, ambalo ndilo ghali, bado zima.