Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa: maoni ya mzazi

Mwanangu alipopata alama ya B katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, jamaa zetu wote walitaka aende Nairobi, kwa kuwa jina la chuo kikubwa lina heshima yake mtaani. Yeye alitaka uhandisi wa umeme, na alitaka kuusomea Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM), pale mtaani Tudor. Sasa yuko mwaka wa tatu, nami ningependa wazazi wenzangu wajue tulichokiona.

Chuo hiki kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, kwa michango ya Aga Khan na Sultani wa Zanzibar miongoni mwa wengine, kikawa politekniki mwaka 1972, kisha chuo kikuu kishiriki 2007, na kikapewa hati ya chuo kikuu kamili 2013. Karakana, basi, zilitangulia shahada, na stashahada bado inafundishwa hapo hapo. Kijana mwenye C- anaweza kuingilia mlango huo na baadaye, akifaulu vyema, akaomba shahada, ambayo kwa kawaida huhitaji C+.

Husemwa kwamba chuo chenye vitivo vingi humpa kijana upana wa elimu. Kwa anayekusudia utafiti hadi uzamivu, nakubali kabisa. Lakini kwa utaratibu wetu wa KUCCPS, shirika la serikali linalowagawia wanafunzi nafasi vyuoni, kijana hupangiwa kozi moja tangu mwanzo, na kuwa jirani na kitivo cha sheria hakumfundishi mhandisi sheria. Mpwa wangu alisomea uhandisi katika chuo kikubwa nisichokitaja, wakiwa mamia katika ukumbi mmoja, na mota ya kwanza aliigusa mwaka wa tatu. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu karo ile ilitokana na samaki wa dada yangu pale sokoni. Mwanangu alifungua mota na kuifunga waya upya katika mwaka wake wa kwanza.

Mzazi asilipe karo kabla ya kuuliza kama shahada yenyewe inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, kwa kuwa asiyesajiliwa na bodi hiyo haruhusiwi kisheria kujiita mhandisi. Aombe pia kuingizwa karakanani, asiishie kwenye ofisi ya usajili, ahesabu mashine zinazofanya kazi na wanafunzi waliosimama mbele ya kila moja.