Tahadhari: magogo ya kuchongea pomboo yanayouzwa kama mpingo mkavu

Wachongaji wenzangu, kuna muuzaji anayetangaza mtandaoni magogo ya mpingo mkavu yaliyokatwa mraba, na kila moja limechorwa umbo la pomboo kwa penseli ili mnunuzi aanze kazi mara moja. Nawasihi msimlipe, kwa sababu nililoletewa mimi si mpingo wala halijakauka.

Lilifika likiwa jeusi tii pande zote, jambo lililonitia shaka, kwani mpingo ambao haujapakwa kitu huwa na hudhurungi iliyochanganyika na michirizi myeusi, na upande uliokuwa karibu na gome huwa mweupe wenye umanjano. Nilipoparuza kwa ncha ya patasi, weusi uliishia juu juu, na chini yake ukatokea mti mweupe, laini, wenye unyevu unaohisika kidoleni. Vichwa vyote viwili vilikuwa na nta. Nta yenyewe si kosa, maana huzuia vichwa vya gogo kukauka haraka na kupasuka, lakini hii ilikuwa nene kupita kiasi, na nilipoikwangua nilikuta nyufa zilizojazwa unga wa mbao na gundi, mmoja ukiwa umepenya hadi mahali ambapo mkia ungechongwa. Hata mchoro wenyewe ulikatiza nyuzi za mbao badala ya kuzifuata, kwa hiyo mdomo wa pomboo ungevunjika kwa pigo dogo tu. Sidhani kama aliyeuchora amewahi kushika tezo.

Mizani nayo haidanganyi. Gogo la sentimita 30 kwa 10 kwa 10 lina ujazo wa lita 3, na kwa kuwa mpingo una takriban kilo 1.2 kwa lita, lilipaswa kukaribia kilo 3.6. Langu, lenye vipimo hivyo hivyo, halikufika kilo 2.5 pamoja na maji yake yote.

Nilipomlalamikia alidai kwamba ile rangi ni dawa ya wadudu, kisha akakataa kunirudishia fedha, akitaja sharti lake kwamba gogo lililoguswa na chombo halirudishwi. Kwa hiyo aliyekwisha kulipa asilikwaruze: alipime, alisugue kwa kitambaa cheupe chenye spiriti aone kiasi cha weusi kinachotoka, na apige picha za yote hayo mbele ya aliyemletea mzigo.