TAHADHARI: Kapsuli za "mitishamba ya kuongeza oksijeni kwenye misuli", nimepigwa mchana kweupe

Wadau wa mbio na baiskeli, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu anauza kapsuli za kopo, eti mitishamba tupu, ukimeza misuli inajaa oksijeni na pumzi haikati tena. Nilichukua makopo mawili. Hela ishaenda, siililii, ila someni hii kabla hajawafikia inboksi.

Tuanze na ile video yake. Anabana kile kidude cha kupimia oksijeni kidoleni, kinasoma 91, anameza kapsuli, dakika kumi baadaye kinasoma 98 na watu wanamwaga makopakopa. Mimi nikaingia mzima mzima. Baadaye nikajaribu mwenyewe bila kumeza chochote, nikashika barafu mpaka kidole kikafa ganzi, kidude kikawa kinasoma ovyo ovyo, nikausugua mkono ukapata joto, 98 hiyo hapo. Jamani, mtu mwenye afya ambaye hayuko juu mlimani damu yake tayari imejaa oksijeni asilimia 95 mpaka 99, sasa hiyo ya kapsuli inamiminwa wapi? Kinachokukwamisha ukikimbia ni moyo unasukuma damu kiasi gani na misuli inaweza kuchukua kiasi gani cha hiyo oksijeni inayopita, na hivyo vinajengwa na mazoezi ya wiki na miezi.

Halafu anapenda sana kutaja wale wakina dada wa China waliovunja rekodi za dunia 1993 na kocha wao akasema siri ni kuvu wa cordyceps. Rekodi ni kweli. Asichosema ni kwamba mwaka 2000, kabla tu ya Olimpiki ya Sydney, wakimbiaji kadhaa wa kocha huyo huyo waliondolewa kwenye timu baada ya vipimo vya damu kutia shaka kuwa wametumia dawa za kuongeza nguvu. Na waendesha baiskeli wazoefu walipopewa cordyceps iliyochanganywa na mmea wa rhodiola, wengine wakapewa vidonge hewa visivyo na dawa yoyote, hawakuonekana kutofautiana. Kwenye mimea chenye ushahidi wa maana ni bitiruti, ile nitrati yake inafanya misuli itumie oksijeni kidogo zaidi kwa kazi ile ile, na hata hapo faida ni ndogo na kwa waliokwisha kuiva kimazoezi inazidi kupungua.

Sasa kilichonitisha. Siku ya tatu nakimbia mwendo wangu ule ule wa taratibu, saa inaonyesha mapigo 20 juu ya kawaida yangu, mikono inatetemeka, usiku macho kodo. Ndo "nguvu" zenyewe hizo. Namwandikia ananijibu "mwili unatoa sumu kaka, ongeza dozi". Ongeza dozi!! Nikamuuliza ndani kuna mmea gani na miligramu ngapi, maana lebo imeandikwa tu "mchanganyiko maalum", akanibloku hapo hapo.

Sikupima maabara kwahiyo siwezi kusema kulikuwa na nini, ila asiwadanganye mtu kuwa cha mmea hakidhuru. Efedra ni mmea, Marekani waliipiga marufuku kwenye virutubisho 2004, mwaka mmoja baada ya mchezaji wa besiboli Steve Bechler kufariki akiwa anaitumia. Maabara ya Cologne, Ujerumani, iliwahi kupima virutubisho 634 vya 2000 na 2001, 94 vikakutwa na homoni ambazo lebo haikuzitaja. Na nyie mnaoshindana rasmi ndo muogope zaidi, kuna kemikali inaitwa higenamini, inatoka kwenye mimea, na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, wameitaja kwa jina kwenye orodha ya marufuku tangu 2017, ukikutwa nayo kwenye mkojo adhabu ni yako, muuzaji hayupo.

Juzi nimemuona tena, jina jipya, kopo limebadilishwa rangi. Video ni ile ile, 91 mpaka 98.