terraform-docs: mwaka na nusu nayo, na zile n/a zilizonitoa jasho

terraform-docs ni programu ya kuandika README, ile faili ya maelezo, kutoka kwa kodi ya Terraform, lugha ya kupanga mitambo ya klaudi kwa maandishi. Wacha nianze na ile siku nilitaka kujificha chini ya meza. Tuko ofisi ndogo hapa Kisumu upande wa Milimani, watu sita tu, na kazi yetu ni kushikilia mitambo ya wateja kwenye klaudi, sacco kadhaa, mtu wa dawa, na jamaa fulani wa mbegu. Mzee wa sacco moja akapiga simu asubuhi, ati kuna mtu amefuta rekodi na wanataka databesi vile ilikuwa siku kumi na nane zilizopita. Mi nikamwambia bila wasiwasi, mzee usijali, bakapu zenu tunaweka siku 30. Nilikuwa nimeisoma kwa README ya moduli yetu wenyewe, yaani kifurushi cha kodi ya Terraform, kwa ile meza ya inputi (vitu mtumiaji anajaza), muda wa bakapu, difolti 30, yaani usipojaza inakuwa hiyo, iko hapo wazi kabisa. Nikafungua konsoli ya AWS, klaudi ya Amazon, nikapata saba. Siku saba peke yake!

Kumbe kuna mtu alikuwa ameshusha difolti kutoka 30 hadi 7 ndio majaribio yasitule pesa, akabadilisha variables.tf, faili ya kodi ya hizo inputi, akapushi (akaituma), README akaisahau. Nikafanya git blame, ile komandi ya kuonyesha nani aliandika mstari gani, nijue nitamgombeza nani, nikakuta ni jina langu. Na RDS, huduma ya databesi ya AWS, inakubali hadi siku 35 kwa hivyo hata kisingizio sikuwa nacho. Mzee akanyamaza kidogo kwa simu halafu akauliza polepole tu, "Sasa kijana, hiyo 30 uliitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Zile rekodi waliingiza upya kwa mkono kutoka kwa vitabu vya risiti, wikendi nzima, na mimi nilienda kuwasaidia kusoma mwandiko.

Hapo ndio nikaanza kutafuta kitu cha kuandika hizi README chenyewe, maana tulikuwa na moduli 23 na kila moja meza yake imeandikwa na mtu tofauti, wengine vizuri, wengine saa kumi na moja jioni Ijumaa.

terraform-docs ni ya bure, leseni ya MIT, ni faili moja tu unashusha kutoka GitHub, unaiweka kwa njia ya terminali na imeisha. Kazi yake ni kusoma zile faili za .tf na kutoa meza: mahitaji, provaida (viunganishi vya kuongea na klaudi), moduli zilizoitwa, risosi (vitu vinavyoundwa), inputi pamoja na aina na difolti zake, halafu autputi (matokeo). Kitu kilinifurahisha siku ya kwanza ni kwamba haigusi klaudi kabisa. Haitaki tokeni, haitaki terraform init (ile komandi ya kuandaa mradi), haishushi provaida yoyote, inasoma maandishi na basi. Hapa kwetu mvua ikianza kunyesha kutoka upande wa ziwa stima inaenda na mtandao unaifuata, na mi nimekaa na laptopu yenye betri asilimia 40 natoa README za moduli zote kama hakuna kilichotokea. Kwa mtu wa Nairobi labda hiyo si kitu, kwangu ilikuwa nusu ya uamuzi.

Mara ya kwanza niliharibu lakini. Nilikimbiza komandi kwa moduli zote kwa pamoja, ikamaliza kwa sekunde chache, nikashika kikombe cha chai najiona mjanja, halafu nikafungua README moja nikapata meza mbili. Ile ya zamani ya mkono iko juu na inasema 30, mpya iko chini kabisa na inasema 7. Sababu ni hii: programu inatafuta alama mbili ndani ya README, `<!-- BEGIN_TF_DOCS -->` na `<!-- END_TF_DOCS -->`, na inabadilisha tu kilicho katikati. Isipoziona haigombi wala haiulizi, inaenda kubandika yake mwisho wa faili. Kwa hivyo kama una README za zamani, kwanza futa meza ya mkono, weka hizo alama mbili mahali pake, ndio ukimbize. Mi nilifanya kinyume nikarudi kusafisha faili 23 moja moja na chai ikapoa.

Baada ya kusafisha ndio nikaona aibu yenyewe. Inputi ikikosa maelezo ndani ya kodi, meza inaandika n/a, yaani hakuna. Basi. Na yetu ilikuwa n/a kutoka juu hadi chini kama mvua ya mawe, moduli ya mtandao peke yake ilikuwa na inputi kumi na tisa na maelezo manne. Hii kitu haikuandikii chochote, watu wengi naona wanadhani ukiiweka utapata nyaraka, la, itakuonyesha tu vile ulikuwa huna. Tukagawana moduli kama kazi ya shule na ikatuchukua kama wiki tatu, kidogo kidogo katikati ya tiketi zingine.

Na kwa moduli moja ya zamani difolti ilikuwa nywila. Nywila yenyewe, ya seva ya majaribio, imekaa kwa variables.tf miaka na sasa iko kwa README imepangwa vizuri ndani ya meza. Mwenzangu mmoja akaanza kulaumu programu ati imevujisha siri. Siri ilikuwa imeshavuja siku ile mtu aliiandika kwa kodi, meza iliianika tu juani. Tukaibadilisha siku hiyo hiyo.

Sasa ukiishaandika mara moja, nani atahakikisha imebaki sahihi, maana tatizo langu la 30 na 7 halikuwa la kuandika bali la kusahau. Kwanza tuliweka hook ya pre-commit, skripti inayojiendesha, kila ukikomiti (ukihifadhi mabadiliko) inakimbiza terraform-docs kwa laptopu yako. Ilisaidia kama mwezi, halafu watu wakajua `--no-verify` ya kuiruka na ikawa ni kama geti isiyo na ukuta. Nikahamia paipulaini, ukaguzi unaojiendesha kwa GitHub kila ukipushi. Kuna akshoni yao rasmi ya GitHub na ina uwezo wa kutoa README, kuikomiti yenyewe na kuipushi kwa tawi lako, nikasema hapo sasa, roboti ifanye kila kitu sisi tukale samaki.

Ikatusumbua vibaya. Roboti ikipushi kwa ile tokeni ya kawaida ya GitHub, hiyo komiti mpya haianzishi paipulaini tena, GitHub wamefanya hivyo makusudi ndio isizunguke milele. Sasa sisi tulikuwa tumeweka sheria kwamba pul rikwesti, ombi la kuingiza kodi yako kwa ile kuu, haiunganishwi kabla ya ukaguzi kupita, na ukaguzi wa komiti ya mwisho haujawahi kukimbia, kwa hivyo kila rikwesti inakaa pale inangoja kitu ambacho hakiji. Mtu anaongeza nafasi tupu kwa faili, anapushi tena, inapita. Na juu ya hiyo, ukishapushiwa na roboti lazima uvute kwanza kabla hujaendelea, na mtu asipojua anapata mgongano kwa README ambayo hata hakuigusa. Nilizima kupushi. Sasa paipulaini inakagua tu: `--output-check`, README ikiwa haifanani na kodi inafeli, na mwenye kodi anarudi kuikimbiza kwake. Kuna mtu atasema hiyo ni kazi ya ziada, ndio ni kazi, lakini kosa langu la bakapu lingekamatwa hapo hapo, mstari mmoja umebadilika kwa variables.tf, README haijabadilika, nyekundu, rudi nyumbani.

Ile iliyokaribia kunifanya niitupe ni ingine. README inatoka kwangu safi, napushi, inafeli. Nakimbiza tena, kwangu hakuna tofauti hata herufi, inafeli. Nilikaa nayo mchana mzima hadi mama wa chapati akaja kuuliza kama leo hatuli. Kumbe kwa ile meza ya provaida kuna safu ya toleo, na kwa difolti programu inachungulia faili ya `.terraform.lock.hcl` kama iko, inaandika toleo kamili lililofungwa mle. Kwangu hiyo faili iko kwa sababu nilikuwa nimefanya terraform init, kwa paipulaini haiko kwa sababu kwa moduli huwa hatuikomiti. Laptopu yangu inaandika namba moja kamili, paipulaini inaandika ile iliyo kwa versions.tf, faili ya matoleo tunayokubali, hawatapatana hata mwaka ujao. Dawa ni mstari mmoja kwa `.terraform-docs.yml`, chini ya settings weka `lockfile: false`. Na ukiwa hapo hapo fungia na toleo la terraform-docs lenyewe, kuna sehemu ya `version` kwa hiyo hiyo faili, kwa sababu matoleo tofauti yanaweza kupanga meza tofauti kidogo na kidogo hiyo inatosha kufelisha kila mtu ofisini asubuhi ya Jumatatu.

Kitu kingine sipendi ni inputi kubwa kubwa, zile za object, yaani kifungu kimoja chenye vitu kumi ndani. Kwa muundo wa meza zote zinasukumwa ndani ya seli moja, inakuwa ndefu na nyembamba kama foleni ya Kibuye siku ya soko, na maelezo ya kila kitu cha ndani hayana pa kukaa, lazima uyaandike yote kwa maelezo ya juu ukipanga mistari mwenyewe. Kwa moduli za aina hiyo nimehamia `markdown document` badala ya `markdown table`, kila inputi inapata kichwa chake na kodi yake inakaa vizuri. README inakuwa ndefu lakini angalau inasomeka kwa simu. Na panga kwa `required` si kwa alfabeti, mtu anayekuja kutumia moduli anataka kujua kwanza nini ni lazima ajaze.

Sehemu ya juu ya README bado tunaandika kwa mkono na sitaki roboti iiguse. Kwa nini seva ziko Cape Town na si Ulaya, kwa nini hii moduli haikubali databesi yenye anwani ya umma, nani alikataa na sababu gani. Hiyo hakuna faili ya .tf inajua. Mteja wetu mmoja alihama kwenda OpenTofu, tawi huria la Terraform, baada ya HashiCorp, wenye Terraform, kubadilisha leseni Agosti 2023, na kwa upande wa nyaraka hatukubadilisha kitu, faili ni zile zile za .tf na meza zinatoka vile vile.

Nyota ngapi, nne kwa tano. Ya tano nimeshikilia kwa sababu ya ile lockfile, mchana mzima wa maisha yangu, na kwa sababu n/a haifelishi chochote yenyewe, unaweza kuwa na README ya n/a tupu na `--output-check` ikakupa kijani. Ilibidi tuongeze tflint, kikaguzi cha kodi ya Terraform, na sheria yake ya `terraform_documented_variables` ndio mtu asiyeandika maelezo azuiwe.

Sasa watu wanaandika, lakini wanaandika nini. Wiki jana nimepata rikwesti ya moduli mpya, inputi inaitwa vpc_id (namba ya mtandao wa faragha ndani ya klaudi) na maelezo yake ni "vpc id". Paipulaini kijani, tflint kijani, meza safi. Nikairudisha. Mwenzangu akageuza kiti akaniangalia, "Omera, na si ni vpc id kweli?" Nikamwambia ndio, lakini gani, ile ya mteja au yetu ya pamoja, na mtu akiweka ya eneo lingine itakuwaje. Akasema ataandika kesho. Ilikuwa Alhamisi, leo ni Jumatano na rikwesti bado iko wazi.