Uzoefu wangu: kutuma viraka kwa git send-email, Dodoma hadi Kondoa

Niko Nkuhungu, Dodoma mjini. Mwenzangu yuko Kondoa, mwalimu wa sekondari, kaka kwangu kwa umri. Tunatengeneza kamusi ndogo ya simu ya Kiswahili na Kirangi: yeye ndiye mwenye lugha, mimi ndiye fundi wa programu. Mtandao wa kwake una siku zake, kwa hiyo tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kila badiliko lije kama kiraka kwenye barua pepe, yaani faili dogo linaloonyesha mistari iliyobadilika tu. Kiraka cha maneno ishirini hakifiki hata kilobaiti tano, kinapita hata siku ambayo simu ya sauti inakatika kila dakika. Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, ni ya bure, na imeanza mwaka 2005 ikiwa na mtindo huu huu wa viraka vya barua pepe. Nikasema hapa tumemaliza.

Anayeandika Kiswahili peke yake anaweza kufanya kazi hii miaka asione tatizo lolote. Lugha yetu inaenea yote ndani ya alama 128 za ASCII, ile orodha ya zamani ya herufi za kompyuta, hatuna vinukta wala vistari juu ya herufi. Kirangi sivyo. Kina ɨ na ʉ, zile herufi zilizokatwa kistari tumboni. Wenyewe lugha yao wanaiita Kɨlaangi, kwa hiyo balaa linaanzia kwenye jina.

Kiraka cha kwanza mwalimu alikinakili akakibandika ndani ya barua kwenye kivinjari. Nikaendesha git am, amri ya kuingiza kiraka, ikakataa: "patch does not apply". Kufungua, naona mistari mirefu imekatwa katikati na tabu zimegeuka nafasi. Nikairekebisha kwa mkono (kosa langu la kwanza, na nililifanya usiku wa manane), kikaingia, nikamtumia toleo la kujaribu. Asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mdogo wangu. Hizi alama za kuuliza umeniwekea za nini? Mbona mimi sijauliza kitu?"

Kila ɨ imekuwa "?". Kwenye kamusi yake mwenyewe Mrangi anasoma "K?laangi".

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila mtu alijue kabla hajagusa mpangilio wowote: kuna herufi mgonjwa na kuna herufi marehemu. Ukiona "Kɨlaangi", huyo ni mgonjwa tu. Katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi za lugha zote kwa baiti (namba ndogo za kompyuta), herufi ɨ ni baiti mbili, C9 na A8. Mtu akizisoma kwa Windows-1252, orodha ya zamani ya herufi za Ulaya Magharibi, ya kwanza inakuwa É na ya pili inakuwa ¨. Baiti zote zipo, zimesomwa vibaya, unazisoma upya na mgonjwa anaamka. Lakini ukiona "?", ujue kuna programu njiani iliyojaribu kuihamishia ɨ kwenye orodha isiyo na herufi hiyo, ikakosa pa kuiweka, ikaandika alama ya kuuliza na kutupa baiti za asili. Hakuna dawa. Mwombe mwenzako atume tena. Mimi nilipoteza jioni nzima kutafuta amri ya kufufua maiti.

Basi nikahamia git send-email, amri inayotuma viraka yenyewe bila kunakili na kubandika. Kwenye Ubuntu haiji na Git, unaiongeza kwa sudo apt install git-email. Kuiunganisha na seva ya barua kulinitoa jasho zaidi ya kitu kingine chochote: bandari 587, TLS ya kuficha mawasiliano, na nywila ya pekee kwa ajili ya programu. Mara moja tu, lakini hiyo mara moja ni ndefu.

Kutuma kwa mara ya kwanza ikaniambia faili zina baiti za biti nane (zisizo za ASCII) lakini hazijatangaza usimbaji, yaani mfumo wa kusomea baiti hizo, kisha ikauliza: "Which 8bit encoding should I declare [UTF-8]?" Mimi nimezoea maswali ya ndiyo au hapana, nikajibu y. Ikaniuliza kama kweli nataka kutumia usimbaji unaoitwa y. Nilicheka peke yangu.

Swali lile lina sababu, na sababu yenyewe inatugusa sisi hasa. Amri ya git format-patch, inayotengeneza faili la kiraka, inatangaza UTF-8 kwenye kichwa cha barua pale maelezo ya badiliko yanapokuwa na herufi zisizo za ASCII. Maelezo yangu ni ya Kiswahili: "Ongeza maneno ya kilimo". ASCII tupu. Haioni haja ya kutangaza kitu, wakati ndani ya kiraka ɨ zimejaa tele. Barua inasafiri bila lebo, na kila seva na kila programu ya barua inabahatisha inavyojua. Mjerumani anayeandika ü kwenye maelezo yake analindwa na ü hiyo. Sisi unadhifu wa tahajia yetu ndio unaotuponza.

Nimeweka hivi, na sijaulizwa tena:

git config --global sendemail.assume8bitEncoding UTF-8
git config --global sendemail.transferEncoding quoted-printable

Mstari wa pili unaifanya ɨ isafiri kama =C9=A8, alama za kawaida ambazo hakuna seva inayozigusa. Ukiisoma barua ghafi inatia kichefuchefu. git am inaifungua bila neno.

Upande wa mwalimu sikumtesa. Yeye anatengeneza faili kwa git format-patch na kuliambatisha kama picha ya harusi. Ndani linasafiri kwa base64, yaani limegeuzwa kuwa alama za kawaida tupu, linafika lilivyo. Miradi mikubwa kama Linux inataka kiraka kiwe ndani ya barua ili watu wakijadili mstari kwa mstari, na wana haki. Sisi ni wawili, tunajadili kwa simu.

Malalamiko ninayo. git am hutengeneza maelezo ya badiliko kuwa UTF-8, lakini kiraka chenyewe inakichukua baiti kwa baiti, na isipokubali haisemi kwa nini. Wiki nzima nilikodolea macho mstari wenye "ng'ombe" usiotaka kuingia. Simu ya mwalimu ilikuwa imebadili ' ikaweka ’ iliyopinda: kwa macho ni kitu kimoja, kwa Git baiti moja imekuwa tatu, E2 80 99. Nikamwomba azime marekebisho ya alama kwenye kibodi. Kisha zikaja alama za toni anazoweka yeye: á inaweza kuandikwa kama herufi moja, C3 A1, au kama a ikifuatwa na alama inayopanda juu yake, 61 CC 81. Skrini haikuonyeshi tofauti. Ni hexdump -C, amri inayoonyesha baiti zenyewe, ndiyo iliyonionyesha, na sasa naiendesha kabla ya kumlaumu mtu.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imebaki kwenye usiku wa kuunganisha seva.

Juzi kimeingia kiraka cha maneno ya mifugo, mistari mia na kitu, "Applying" moja na kimya. Nikampigia mwalimu kumpa habari njema. Akaniambia nisubiri kidogo, kuna ʉ mbili pale zilipaswa kuwa u ya kawaida, na hizo si za kompyuta, alikosea yeye. Atatuma kiraka kingine jioni.