Mafundi wa kalafati wa Mikindani: mshono wao uaminike, misumari njoo nayo

Mashua ya mbao inayovuja ikipelekwa Mikindani hurudi baharini ikiwa imezibwa barabara. Kwa kazi hiyo mafundi wa kalafati wa pale, yaani wanaoziba kwa pamba mishono iliyo kati ya mbao, wanastahili kila shilingi. Mengine, kuanzia misumari mpaka siku ya kushusha chombo, yanamtaka mwenye chombo awe macho, la sivyo atalipa mara mbili.

Mahali penyewe ni pazuri kwa kazi hii. Mikindani iko kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, kwenye barabara ya Lindi. Mlango wa ghuba ni mwembamba, kwa hiyo hata kusi likivuma kwa nguvu, maji ya ndani hayapigi chombo kilichoegeshwa pwani. Kasoro ni tope. Karibu na mikoko ardhi ni laini, na gadi, yaani nguzo za kukiegemeza chombo, zikizama upande mmoja, chombo hulala na mataruma, yaani mbavu zake za mbao, huteguka. Dai kiwekwe penye mchanga mgumu, na kila gadi itiwe kipande cha ubao chini yake.

Kazi yote hufuata mwezi. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne. Chombo hupandishwa kwa maji ya alasiri, siku moja mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Baada ya hapo maji hupungua kila siku, chombo hubaki pakavu muda wa kutosha kazi, kisha bamvua linalofuata hukiinua. Wageni wengi huumia hapa, kwa sababu bamvua moja halilingani na jingine. Yale ya karibu na Machi na Septemba ndiyo makubwa, na ukipandisha chombo kwenye kilele chake, linalofuata huenda lisikifikie. Utangoja wiki mbili nyingine, au utakodi watu wa kukisukuma juu ya magogo. Fundi mwenye akili hapandishi mpaka mwisho wa maji, huacha akiba ya shibiri mbili. Mwulize kabla ya kupatana bei: "Fundi, tutashusha mwezi ngapi?", yaani siku ya ngapi tangu mwezi kuandama. Akijibu "tutaona," tafuta mwingine.

Kwanza ni moto. Makuti makavu hufungwa mwenge na kupitishwa chini ya chombo, toka mkuku, yaani mti wa chini kabisa wa chombo, hadi pale maji yanapofikia, ili kuua minyoo inayotoboa mbao na kulegeza magamba. Mwenge haukai mahali pamoja. Ubao ukianza kutoa jasho, husogezwa. Hakikisha moto unatangulia pamba. Kuna wanaochoma baadaye ili kuokoa siku, na pamba iliyolowa mafuta ikishika moto ndani ya mshono haionekani kwa nje. Utaijua chombo kikishavuja.

Kisha pamba kuukuu hutolewa kwa kulabu, na mbao hudungwa kwa ncha ya kisu, hasa karibu na mkuku na kuzunguka vichwa vya misumari. Kisu kikizama bila kutumia nguvu, ubao huo hauzibwi, unabadilishwa. Pamba mpya husokotwa kwenye paja mpaka iwe uzi mnene, huchovywa kwenye mafuta, kisha husukumwa ndani ya mshono kwa chembeu, yaani patasi, na nyundo ya mbao. Mshono mzuri ni mpana kwa nje na umebana kwa ndani. Ukiwa wazi mpaka ndani, pamba hupita na kuangukia ngamani, yaani ndani chini ya chombo, na hata ukiongeza gunia zima haitasaidia. Hapo huchongwa ufito wa mbao wa kuziba pengo kwanza.

Mashua ya futi 25 yenye mbao kumi kila ubavu ina karibu futi 500 za mshono. Mafundi wawili na kijana wa kusokota huimaliza kwa siku tatu hadi nne. Wakiahidi siku moja, wataziba panapoonekana tu.

Ubora wao uko masikioni. Pamba iliyolegea hulia pu, iliyokaza hulia ti. Fundi mkuu anaweza kuwa upande wa pili wa chombo na kikombe cha kahawa mkononi, haoni kitu, lakini kijana akiruka kidogo tu atamwambia, "Rudi hapo nyuma." Vilevile wanajua pa kuishia. Mbao zilizokaukia juani husinyaa, na mshono ukishindiliwa pamba mpaka basi wakati huo, mbao zikivimba majini hukosa pa kwenda na kung'oa misumari kwenye taruma. Ndiyo sababu ubavu unaopigwa na jua hufunikwa makuti. Usiyaondoe eti upate kuona kazi.

Juu ya pamba hupakwa deheni, yaani chokaa iliyokandwa na mafuta au shahamu. Ni kazi chafu, inanuka, na inafaa. Lakini haidumu, kwa hiyo panga kupaka tena kila baada ya miezi mitatu minne. Kwa upande wa mafuta nina lawama. Mafuta ya sifa, yaani ya papa, yamekuwa adimu, na baadhi ya mafundi huchovya pamba kwenye oili chafu ya injini. Deheni haishiki juu yake, hubanduka vipande vipande, na oili yenyewe huishia ghubani wanakovua watu. Usipopata sifa, mafuta ya nazi ni afadhali.

Misumari ndiyo sehemu dhaifu kabisa ya huduma hii. Ukiwaachia wanunue, wataleta ya kawaida isiyopakwa zinki. Chumvi huila, na kutu hulainisha mbao kuzunguka tundu mpaka ubao unakuwa mweusi na msumari unachomoka kwa vidole. Nunua mwenyewe iliyopakwa zinki, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Mtwara mjini. Ubao wa nchi moja juu ya taruma ya nchi tatu unataka msumari wa nchi tano, ili ncha itokeze ndani na kukunjwa. Tundu litobolewe kwanza kwa keke, maana mbao ngumu hupasuka, na kichwa cha msumari kivishwe pamba ya mafuta kabla hakijazama. Hili la mwisho wanalijua vizuri, ila hulisahau jua likizama.

Taruma mpya zichongwe kwenye mti uliopinda wenyewe. Iliyokatwa kwenye ubao mnyoofu hupasukia penye kona. Wakikuletea mkoko, ulizia kibali, maana kuukata bila ruhusa ni kosa na chombo ni chako.

Mwenye kufunga injini asitegemee sana ushauri wao. Mtikisiko hufungua mishono ya tezi, yaani nyuma ya chombo, kabla ya mingine yote, lakini mafundi huiziba tezi sawasawa na omo, yaani mbele. Waagize waongeze taruma mbili za karibu karibu nyuma, na ubao wa injini ushikwe kwa bolti zinazopita mpaka ndani.

Bei hupatanwa kwa chombo kizima, pamba na mafuta mbali, na chakula cha mchana ni juu ya mwenye chombo. Ijumaa wanaacha kazi mapema kwa ajili ya swala, na mwezi wa Ramadhani kazi huenda taratibu, kwa hiyo hesabu siku zako hivyo. Kianzio kisizidi nusu.

Kabla ya kushusha, mimina maji ndani, kina cha shibiri moja na si zaidi, maana uzito wake hulemea mbao zisizo na bahari ya kuzishika kwa nje. Zunguka chombo kwa chini na utie alama ya chokaa kila panapotona. Kikishashuka, usiku wa kwanza kitaingiza maji, na hiyo si kasoro, mbao zinavimba. Kumba maji asubuhi, kisha pima tena asubuhi ya pili. Yakiwa yamepungua, mlipe fundi kilichobaki. Yakiwa vilevile, mpigie simu kabla bamvua halijapita.